Kadi Inaingiza Mtu Mmoja

Kuna maneno yanayoingia kwenye lugha kama mgeni wa siku mbili, mwenye kibegi kidogo tu, ukija kushtuka ameshatundika nguo zake kwenye kabati lako. "Koktel" ni mojawapo. Ukiwa Kariakoo mchana wa jua kali, koktel ni juisi ya parachichi, embe na pasheni iliyomiminwa tabaka kwa tabaka kwenye glasi ndefu, na siku ya Idi watoto wanaigombania mpaka inamwagika. Ukiwa Masaki usiku wa Desemba, koktel ni pombe kali iliyochanganywa na vitu vitamu ili ukali wake usijulikane mapema. Ukifunua jarida la mitindo, koktel ni gauni, lile linaloishia magotini, ambalo si la ofisini na si la kanisani. Na ukikaa mbele ya daktari aliyesoma miaka ya tisini, hasa akiwa amesomea ng'ambo, anaweza akakwambia kwamba koktel ni vidonge.

Kinywaji, nguo, dawa. Swali langu si la kamusi, ingawa kwenye kamusi tutapita kidogo. Nauliza hivi: dawa inayomzuia mtu asife ikipewa jina la sherehe, je, inachukua na tabia za sherehe? Maana sherehe, ndugu msomaji, ina mlango, na mlangoni pana mtu anayeuliza kadi.

Niseme kwanza ninapotokea. Mimi nabeba trei. Siku za kazi nina shughuli zangu nyingine ambazo hazina faida kwako, lakini mwisho wa wiki, na karibu kila usiku wa Desemba, navaa shati jeupe na tai ya kipepeo, nazunguka kwenye kumbi za hoteli za Dar es Salaam na glasi kumi na mbili juu ya kiganja. Washkaji wa Temeke wananitania eti nimekuwa wa kishua. Wapi! Ushua wenyewe naubeba tu, siunywi. Ila kazi hii ina elimu yake. Mgeni haangalii uso wa mbeba trei, anaangalia glasi. Kwa hiyo wewe ndiye unayemwangalia yeye kwa nafasi, na unamsikia. Nimesikia mikataba, talaka na maombi ya kazi, yote kati ya sambusa mbili.

Kinywaji kinachotoka sana kinaitwa Dawa. Jina lake lilivuma kutoka Nairobi, kwenye mgahawa wa Carnivore uliofunguliwa mwaka 1980: vodka, ndimu, sukari, barafu, na kijiti kilichochovywa asali ambacho mnywaji anakorogea mwenyewe. Ni ndugu wa kaipirinya ya Wabrazili, pombe ya miwa imetolewa ikawekwa vodka. Mzungu akiuliza maana ya jina tunamwambia, anacheka, anaagiza la pili. Na mimi nacheka naye kwa ajili ya bakshishi. Lakini nyumbani kwetu dawa ni kitu kingine kabisa, kinakaa kwenye kopo jeupe juu ya kabati la vyombo, na hapo ndipo kichwa kilipoanza kuniuma. Huku pombe inaitwa dawa. Kule dawa inaitwa kwa jina la pombe.

Ukichunguza utaona wizi huu wa majina ni wa zamani, na wa kwanza kuiba walikuwa wanywaji. Gazeti moja la mji wa Hudson, jimbo la New York, lilieleza maana ya koktel mwezi Mei 1806: pombe, sukari, maji, na matone ya maji machungu ya mizizi na magome. Machungu hayo yalikuwa yakiuzwa kama dawa ya tumbo. Yaliyo maarufu kuliko yote, Angostura, yalitengenezwa mwaka 1824 na daktari Mjerumani, Johann Siegert, aliyekuwa akiwatibu askari wa Simón Bolívar huko Venezuela. Yeye alitaka matumbo ya askari yatulie. Leo kichupa chake kimo kwenye kila baa yenye heshima, na hakuna anayekiulizia kwa ajili ya tumbo. Toniki ni vivyo hivyo. Ndani yake mna kwinini, ile ile waliyomezeshwa bibi zetu wakakunja uso. Waingereza waliokuwa India walikunja uso pia, ndipo wakaongeza jini.

Hospitali nazo zilikuwa na koktel zao kabla hata ya UKIMWI. Kule London, hospitali ya vifua ya Brompton ilitoa jina lake kwa mchanganyiko waliopewa wagonjwa wasiotarajiwa kupona: mofini, kokeni, pombe, na sharubati ya kuua uchungu. Ulitumika miongo kadhaa ya karne ya 20, mpaka watafiti wa miaka ya sabini walipopima wakakuta kwamba mofini peke yake inatuliza maumivu vilevile. Vingine vyote vilikuwa mapambo. Sisemi kwa kejeli. Kumtilia sharubati mtu anayekufa si jambo dogo. Nataka tu tukumbuke kwamba kuna mchanganyiko wenye sababu na kuna mchanganyiko wa mazoea, na jina zuri linaweza kukaa juu ya wote wawili.

Koktel ya 1996 ilikuwa na sababu. Dawa ya kwanza ya virusi, AZT, ilikubaliwa Marekani mwaka 1987, na ilitolewa peke yake. Ilifanya kazi kwa muda, kisha ikachoka. Virusi hivi hujinakili kwa kasi na kwa uzembe, kila nakala ina makosa yake, na katika makosa hayo hatakosekana mmoja anayejua kuikwepa dawa iliyo mbele yake. Huyo ndiye anayezaana. Lakini ukiweka dawa tatu kwa pamoja, kila moja imeziba njia yake, inabidi kirusi kimoja kiwe na bahati tatu kwa wakati mmoja, na hiyo ni bahati ya kubahatisha mno. Habari hizo zilitangazwa kwa kishindo kwenye mkutano wa kimataifa wa UKIMWI, Vancouver, Kanada, Julai 1996. Watu waliokuwa wameshaandika wosia waliamka kitandani. Waandishi wa kule, wakitafuta jina rahisi la mchanganyiko, wakachukua la baa.

Bei yake ilikuwa kati ya dola 10,000 na 15,000 kwa mtu mmoja kwa mwaka.

Mimi nimezaliwa 1996. Mama yangu alifariki Agosti 1999, Temeke, mimi nikiwa na miaka mitatu. Mtaani walisema amekanyaga miwaya. Ndugu walisema kifua. Hesabu hii nimeifanya mara nyingi usiku nikirudi kazini kwa miguu: dawa ambayo ingemwacha hai na mimi ni rika moja. Ilikuwapo duniani, imeshapimwa, inamezwa na watu Paris na Los Angeles, siku zote tatu za mwaka alipokuwa hawezi kusimama, na wiki zote zilizotangulia. Hakufa kwa kukosekana dawa. Alikufa kwa kutokuwa na kadi.

Nani alisimama mlangoni? Nikiwa kidato cha nne nilitaka sana awe mtu mmoja mwenye sura mbaya ili nimchukie vizuri. Hakuna. Palikuwa na hataza, palikuwa na bei, palikuwa na wakubwa waliosema Mwafrika hawezi kumeza dawa kwa saa. Palikuwa na kampuni 39 za dawa zilizoishtaki serikali ya Afrika Kusini mwaka 1998 kwa sababu ya sheria ya kuleta dawa za bei nafuu, zikaiondoa kesi yao Aprili 2001 baada ya kelele za dunia nzima. Februari mwaka huo huo Yusuf Hamied wa kampuni ya Cipla ya India alikuwa ameshatangaza kwamba anaweza kuwauzia Madaktari Wasio na Mipaka mchanganyiko wa dawa tatu kwa dola 350 kwa mwaka, chini ya dola moja kwa siku. Yaliyomo kwenye glasi ni yale yale. Kilichopungua ni bei ya kadi.

Sasa nisikie kijana mmoja mwenye hasira akinidakia: basi sherehe zote hizi ni uchafu, zipigwe marufuku! Taratibu. Mimi nimebeba trei kwenye tafrija za kuchangia wagonjwa, tena hapa hapa mjini, na nakuhakikishia kwamba mwisho wa usiku hundi huandikwa. Kule Cannes, Ufaransa, tangu 1993 kuna hafla ya kila mwaka ambako wacheza sinema wanavaa magauni yenye thamani ya nyumba yetu ili fedha za utafiti wa UKIMWI zipatikane, na zinapatikana. Utepe mwekundu nao ulianzia kwa wasanii wa New York mwaka 1991 na ukapata umaarufu juu ya makoti ya waigizaji kwenye sherehe za tuzo. Kuna waliouvaa kwa uchungu na kuna waliouvaa kwa sababu unakaa vizuri kwenye nguo nyeusi. Fedha haijui tofauti. Mgonjwa pia, akishapata kidonge, hajali nani alimvalia nini.

Nguo zenyewe zina historia yao katika balaa hili. Gauni la koktel lilizaliwa baada ya Vita Kuu ya kwanza, lilipokuja jambo jipya la mwanamke kusimama na glasi yake saa kumi na mbili jioni bila kuulizwa na mtu. Jina hilo wengi humpa sifa nalo Christian Dior, mwishoni mwa miaka ya arobaini. Huku kwetu, Kagera, mwanzoni mwa miaka ya themanini, palikuwa na nguo ya kisasa iliyoletwa na wafanyabiashara wa magendo toka Uganda, ikiitwa Juliana. Kila mtu aliitaka. Walipoanza kukonda na kufa wale vijana wa biashara ya mpakani, ugonjwa ukaitwa Juliana. Mgonjwa wa kwanza akatambuliwa mkoani humo mwaka 1983, jina la nguo likiwa limeshakuwa jina la kaburi. Na kuna fulana. Ile nyeupe iliyoandikwa kifuani kwa herufi kubwa kwamba mvaaji ana virusi, walioivaa kwanza ni wanaharakati wa Afrika Kusini wa TAC, baada ya Gugu Dlamini kuuawa mwaka 1998 kwa sababu alisema hadharani kwamba anavyo. Desemba 2002 Nelson Mandela aliivaa, naye hakuwa na virusi. Katika nguo zote nilizozitaja hiyo ndiyo ninayoitamani, na haiuzwi mitumbani.

Kiongozi wa TAC aliitwa Zackie Achmat, na yeye ndiye sababu hasa ya makala haya. Achmat alikuwa na virusi. Dawa angeweza kuzipata, marafiki walikuwa tayari kumlipia. Akakataa. Akasema hamezi mpaka zipatikane kwenye hospitali za umma kwa kila Mwafrika Kusini anayezihitaji. Akaumwa, akapona kidogo, akaumwa tena. Julai 2002 Mandela alimfuata nyumbani kwake Cape Town kumsihi ameze. Akamheshimu mzee, na bado hakumeza. Ilipofika Agosti 2003, serikali ikakubali hatimaye kuzitoa dawa, na mwezi huo huo na yeye akakubali kuanza. Yu hai mpaka leo.

Hebu niambie, msomaji: alifanya sawa? Kadi unayo mkononi, mlango uko wazi kwako, wenzako wako nje kwenye mvua. Uingie, au usimame nao ulowe?

Nilimpelekea swali hili Mama mkubwa, dada wa mama yangu, aliyenilea. Ameniruhusu niandike kwa sharti kwamba jina lake nisiliweke. Alikuwa jikoni anachambua mchele. Nikamsimulia habari zote za Achmat, akawa ananisikiliza bila kuinua kichwa.

"Enhe. Halafu?"

"Halafu akazidiwa, Mama. Mpaka Mandela akaenda kumbembeleza."

"Akameza?"

"Hakumeza."

"Mjinga huyo," akasema, akarudisha macho kwenye ungo.

Nikamtetea. Nikamwambia kwamba alikuwa anakataa kwa ajili ya wengine, kwamba bila yeye pengine serikali isingesukumika, kwamba huo ulikuwa ushujaa. Nilikuwa naongea kama mtu wa kwenye mdahalo wa shule, najua. Akaniacha nimalize. Kisha akanieleza jambo ambalo nimeishi naye miaka zaidi ya ishirini sijawahi kulisikia.

Mwaka 2002 yeye na Baba mkubwa walipima wote wawili na wote wawili wakakutwa nao. Mwaka uliofuata dawa za India zilikuwa zimeanza kuuzwa mjini kwa mwenye fedha. Kaka yao mmoja aliyekuwa baharia akawa anatuma chochote kila mwezi, na hicho chochote kilitosha dozi ya mtu mmoja. Dozi ilikuwa kidonge asubuhi, kidonge jioni. Wakagawana kama wanavyogawana wanandoa: mume anameza cha asubuhi, mke anameza cha jioni. Wiki mbili hivi. Muuguzi mmoja wa jirani alipojua akawafokea kama watoto. Akawaeleza kwamba nusu dozi haiui virusi, inavifundisha. Mtajikuta wote wawili mnaumwa kitu ambacho dawa haikisikii tena. Hiki si chakula, akawaambia, kwamba mkigawana mtashiba nusu nusu.

"Siku ya pili yake," Mama mkubwa akasema, "Baba yako mkubwa akaniambia vile vidonge vinamchafua tumbo, haviwezi. Nivimeze mimi tu, yeye atajaribu miti shamba."

"Vilikuwa vinamchafua kweli?"

"Nitajuaje, baba? Mimi havikuwahi kunichafua."

Baba mkubwa alifariki Juni 2004. Serikali ilianza kutoa dawa bure Oktoba mwaka ule ule. Miezi minne.

Basi hapo nikaelewa kwa nini Achmat kwake ni mjinga. Yeye aliishi na mtu aliyekataa bila fulana, bila waandishi wa habari, bila Mandela kupiga hodi, na aliyekataa hivyo hakuna serikali iliyotikisika. Na mimi, kwa kimbelembele changu, nikaanza kumpangia: nikasema hizo ni aina mbili za kukataa, Achmat aliinua kadi yake juu ili mwenye mlango aione, Baba mkubwa alimpa mwenzake kadi, sasa ukitazama kifalsafa lipi ni kubwa...

"Usiwapange mafungu kama nyanya," akanikata.

Nikanyamaza. Lakini sikuacha kufikiri, na naendelea kuamini jambo ambalo yeye halikubali. Naamini kukataa glasi kwa sababu tu wenzako hawana ni uungwana, lakini peke yake hakuongezi glasi hata moja. Aliyeko ndani akitupa kinywaji chake chini kwa huruma, wa nje hapati kitu, anasikia kishindo tu. Kukataa kwa Achmat kulikuwa na kazi kwa sababu kulielekezwa mlangoni, kwa wenye funguo, na nyuma yake palikuwa na maelfu ya watu wakiandamana na mawakili wakiwa mahakamani. Kukataa kwa Baba mkubwa kulikuwa na kazi kwa sababu dozi moja kamili iliokoa mtu mmoja kamili. Ambacho sikioni kikifanya kazi ni ile huruma ya mgeni mwenye gauni zuri anayesema "inasikitisha" halafu ananyoosha mkono kwenye trei yangu. Simchukii. Ila namwona.

Na msinielewe kwamba mlango ukiwa wazi tu yatosha. Mwaka 2011 tulikuwa na kikombe kisichokuwa na kadi kabisa. Kule Samunge, Loliondo, mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila alitoa maji ya mti uliochemshwa, shilingi 500, tajiri na maskini kikombe kimoja, wa kwanza kufika wa kwanza kunywa. Magari yalipanga foleni ya kilomita na kilomita. Mawaziri walikunywa. Nilikuwa na miaka kumi na mitano na nakumbuka mtaa mzima ulivyohamasika. Ukiacha bei ya usafiri, haijatokea nchi hii huduma ya usawa namna ile. Lakini kikombechenyewe hakikuponya UKIMWI. Wapo walioacha vidonge baada ya kunywa. Jirani yetu mmoja, fundi cherehani, aliuza cherehani yake kwa ajili ya nauli, akarudi mwenye furaha, akalitupa kopo lake. Tulimzika mwaka uliofuata. Kwa hiyo ninapodai mlango ufunguliwe, nadai pia kwamba ndani ya glasi pawe na kitu.

Nilisema tutapita kwenye kamusi. Kiswahili kimelitenganisha lile neno moja la Kiingereza, na nadhani kwa bahati nzuri tu. Sherehe ya vinywaji vya kusimama, kadi za serikali na za balozi huiita tafrija ya mchapalo. Dawa zilizounganishwa, kama hii ya malaria tuliyoanza kuitumia mwaka 2006, tunaita dawa mseto. Mchapalo ni neno la kadi; sijawahi kumsikia mtu wa Temeke akilitamka akiwa na akili zake. Mseto ni neno la jikoni, mchele na choroko ndani ya sufuria moja, chakula cha mgonjwa, cha mtoto na cha siku ambayo nyama haikupatikana. Ungenikuta na nguvu ya kuamrisha, ningeagiza magazeti yote yaache kuita vidonge vya Mama mkubwa koktel. Kliniki yake inasema "dawa za kufubaza", ambalo nalo ni neno la kipekee, lina uvivu fulani mzuri, kama vile virusi vinabembelezwa vikalala. Siku hizi ni kidonge kimoja kwa siku, vitatu ndani ya kimoja. Mseto hasa.

Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, habari zilifika Temeke kabla ya redio. Baadhi ya miradi ilifunga, wahudumu waliozoeleka wakarudishwa nyumbani, na watu wakaanza kusema kopo hili ndilo la mwisho. Mama mkubwa alikuwa na vidonge vya miezi. Akaja kijana wa mtaa wa nyuma, kwake vimebaki vya wiki moja, anaogopa kwenda kliniki asije akaambiwa hakuna. Akaomba agawiwe nusu.

Nilikuwepo. Nilitegemea atampa, ni mtu wa kutoa; chumvi, sukari, nauli, hamnyimi mtu. Akamkatalia. Akamkatalia waziwazi, mpaka nikaona haya. Kisha akaingia ndani, akajifunga khanga ya pili, saa kumi na moja na nusu alfajiri ya kesho yake akamgongea dirisha, wakaenda kliniki pamoja, akakaa naye kwenye benchi mpaka saa nane mchana, akigombana na kila aliyevaa koti jeupe. Kijana alirudi na kopo lake.

Mwisho wa mwaka huo huo shirika moja lilimwalika Mama mkubwa kuzungumza kwenye hafla ya Siku ya UKIMWI Duniani, hotelini. Kadi ilikuwa nene, ina maandishi ya dhahabu. Akaniita niisome.

"Hapa wameandika nini?"

"Mavazi. Wanataka uvae la koktel."

"Ndo lipi hilo?"

Nikamwonyesha magotini. Akacheka mpaka akakaa chini. Akashona la kitenge, refu, lenye mikono mipana.

"Na hapa chini?"

"Kadi inaingiza mtu mmoja."

Akaitazama tena, akaiweka juu ya kabati karibu na kopo lake. Jioni ya siku yenyewe alifika na yule kijana wa mtaa wa nyuma, amemvalisha shati la marehemu Baba mkubwa. Mlangoni wakazuiwa. Mimi nilikuwa ndani na trei ya Dawa kumi na mbili, nawaona kupitia kioo, yeye anaonyesha kadi, mlinzi anaonyesha kidole kimoja, yeye anaonyesha viwili. Ilichukua kama dakika ishirini, na mtu wa kwanza kuzungumza kwenye ratiba alikuwa ni yeye, kwa hiyo ukumbi wote ulisubiri.